Barua kwa mwanangu: betri kwanza, ndipo upime

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, marahaba. Picha ya ndege yako ya kurusha kwa rimoti nimeiona. Bawa limenyooka, na gundi umeipaka kwa usafi kuliko nilivyotegemea. Ila kwenye picha betri iko mezani, na wewe umeinyanyua ndege kwa vidole unapima kama uzito wa mbele na nyuma umelingana. Umepima nini sasa, mama? Hairuki bila betri. Ifunge ndani, weka na propela, ndipo upime.

Bawa lako ni la mstatili, upana milimita 200 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Weka rula kwenye ukingo wa mbele, hesabu milimita 50 kurudi nyuma, utie alama chini ya bawa, kushoto na kulia. Siku ya kwanza ya kurusha, alama isivuke milimita 60. Inyanyue kwa ncha za vidole kwenye alama hizo. Inatakiwa itulie sawa, au pua iiname kidogo tu.

Mkia ukishuka, usirushe. Nasema tena, usirushe. Pua nzito itakutoa jasho, maana itataka kuvutwa juu muda wote na itatua kwa kasi, lakini ndege inatawalika. Mkia mzito ndio unaoua ndege: ukigusa rimoti kidogo pua inapanda mno, bawa linaishiwa nguvu ya kubeba, inaanguka hujajua umekosea wapi.

Wala usikimbilie kuongeza vipande vya risasi puani ili iwe nzito. Sogeza betri mbele kwanza, sentimita moja moja. Kutoka kwenye alama hadi mkiani ni sentimita 60, hadi puani 20, kwa hiyo kila gramu 10 za nyuma zinadai gramu 30 mbele. Rangi ya mkia niliipaka mara mbili, nikaona inang'aa vizuri, kumbe naongeza uzito nyuma. Ipige msasa. Betri ikipata mahali pake, chora mstari ubavuni mwake na uikaze kwa mkanda, isije ikateleza nyuma ndege ikipanda.

Jumamosi upime tena palepale uwanjani, betri ikiwa ndani.

Gesi iliisha juzi, tumerudi kwenye mkaa. Mama yako anaulizia sufuria kubwa uliyoondoka nayo. Mzani wa jikoni nimempa kondakta wa basi la alfajiri, umeviringishwa kwenye kitenge cha bluu. Pimia betri na vipande vya risasi, halafu uurudishe mapema. Mama yako anapimia unga wa maandazi.

Baba yako