Funikeni picha kabla ya kuifundisha

Ndugu Mhariri,

Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viliishia mikononi mwa walimu, na baadhi ya shule sasa zina projekta. Lakini katika somo la Historia kazi kubwa ya vifaa hivyo imekuwa kukuza picha ileile ya kitabuni. Mwalimu anaionyesha, anasema "hii ni Beit al-Ajaib", wanafunzi wananakili jina, slaidi inapita. Ni pambo lilelile, ila sasa linatumia umeme. Tunapendekeza kinyume chake: picha ifichwe, ifunuliwe kipande kwa kipande, na jina lake lije mwisho kabisa.

Tuchukue hiyohiyo Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililokuwa sehemu ya kasri la Sultani, maana picha zake za zamani ni nyingi na jengo lenyewe limebeba tarehe usoni. Lilijengwa mwaka 1883, enzi za Sultani Barghash. Wakati huo mnara ulisimama peke yake mbele ya jengo, upande wa bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zikalipiga kasri kwa mizinga ili kumng'oa Khalid bin Barghash, aliyekuwa amekalia kiti siku mbili tu. Mizinga ilianza saa 3 na dakika 2 asubuhi na haikufika saa nzima. Ule mnara uliharibika ukaondolewa, na jengo lilipokarabatiwa mwaka 1897 likapata mnara mpya, huu ukiwa umeshikana na uso wake. Desemba 2020 paa na sehemu kubwa ya uso huo vikaporomoka.

Mwanafunzi mwenye habari hizo tu anaweza kukadiria umri wa picha isiyo na tarehe. Mnara umejitenga na jengo? Ni kabla ya Agosti 1896. Umeshikana nalo? Ni 1897 au baadaye. Na akiona milingoti imechomoza majini bandarini, meli yenyewe haionekani, hiyo ni Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa asubuhi ileile. Mabaki yake yalivunjwa mwaka 1912, kwa hiyo picha imepigwa katikati hapo. Huko ndiko kufikiri kihistoria: kutoka kwenye alama hadi kwenye hoja.

Kuiandaa si kazi ngumu. Katika programu ya slaidi weka picha nzima, chora juu yake mistatili minne myeusi, kila mmoja upe amri ya kutoweka ukiguswa. Minne inatosha. Wapo wanaotawanya vitufe kumi na kila kimoja kikifungua maelezo. Darasa linaishia kufukuzia vitufe na picha haitazamwi. Anza kufunua bahari, kisha ufuo, kisha baraza za ghorofani, mnara uwe wa mwisho. Kabla ya kila mguso, kila kundi liandike linatarajia kukuta nini hapo na kwa nini. Kazi iko kwenye sentensi hiyo; kugusa kioo ni kazi ya kidole.

Kishikwambi kimoja kwa wanafunzi 60 hakionekani kutoka dawati la nne. Projekta nayo, katika chumba chenye madirisha yasiyo na pazia, huifanya picha ya kijivu ipotee kabisa; ielekeze kwenye ukuta usiopigwa na mwanga, na uongeze tofauti ya weusi na weupe kabla ya kipindi. Umeme ukikatika, nakala ya A3 kutoka steshenari na vipande vinne vya manila vilivyobandikwa kwa selotepu ukingo wa juu tu vinafanya kazi ileile.

Baada ya kufunua, picha ibandikwe katikati ya manila na izungushiwe fremu tatu: "Naona", "Nadhani, kwa sababu", na ya nje, "Picha hainiambii". Fremu ya pili ndiyo huharibika. Mwanafunzi ataandika "watu walikuwa na huzuni". Mwambie aoneshe kwa kidole kilichomfanya aseme hivyo. Akikosa, sentensi ihamie fremu ya nje na igeuzwe swali. Fremu ya nje mara za kwanza hubaki tupu. Picha zinazosambaa sana za baada ya mizinga zinaonesha kuta na boriti zilizovunjika, waliouawa hawamo. Nani alishika kamera, na alitarajia nani aione picha hiyo? Swali hilo moja linaweza kula dakika 15 kati ya 40, na ziachwe ziliwe.

Tahadhari tatu. Programu za kuburuta picha mpya juu ya ya zamani hudanganya iwapo wapigaji hawakusimama mahali pamoja: jengo litaonekana limehama. Kwanza tafuta alama tatu zisizobadilika katika picha zote mbili. Pili, picha nyingine mtandaoni zimegeuzwa kama kwenye kioo. Ukitazama kutoka baharini, Ngome Kongwe iko kulia kwa Beit al-Ajaib. Ukiiona kushoto, picha imepinduliwa. Tatu, picha zilizotiwa rangi na kompyuta. Rangi hizo ni za kubahatisha, na mwanafunzi atajenga hoja juu ya rangi ya bendera ambayo mashine imejitungia. Bendera ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu.

Tutaambiwa mtihani unataka hoja sita, si milingoti. Sawa, lakini vipindi vitatu vya namna hii kwa muhula havizuii kumaliza silabasi.

Kwa wachapishaji wa vitabu vya Historia ya Tanzania na Maadili tuna ombi moja. Maelezo ya picha yahamishiwe mwisho wa sura, yasikae chini ya picha yenyewe, na yataje mwaka, mahali ilipopigwa na aliyeipiga kama anajulikana. Picha yenyewe isipungue nusu ukurasa. Ikichapwa kwa ukubwa wa stempu, milingoti ya Glasgow haionekani.

Walimu wa Historia,
Tanga