Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Anga za Juu la Kenya: sheria itangulie roketi Ngomeni

Bwana Mkurugenzi Mkuu,

Shirika lako limesema hadharani zaidi ya mara moja kwamba pwani yetu inafaa kwa kituo kipya cha kurushia roketi, na kwamba kampuni binafsi zinakaribishwa. Mimi ni mwongoza ndege mstaafu. Kazi iliyonilisha ilikuwa kuhakikisha vitu viwili havikutani angani, ndiyo maana naandika.

Kituo sikipingi, na ningeshangaa Mkenya anayejua jiografia akikipinga. Ngomeni, kwenye pwani ya Kilifi, iko karibu na ikweta, ambako dunia inavyozunguka huipa roketi mbio za bure. Ukiielekeza mashariki moja kwa moja, inapita kaskazini mwa Shelisheli na haikuti nchi kavu kubwa mpaka Sumatra. Waitaliano waliliona hilo zamani. Mwaka 1967 walirusha satelaiti yao San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimikwa baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei ya angani iliondoka hapohapo ikiwa na jina la Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu.

Lakini roketi ya siku zile ilikuwa Scout: urefu wa mita 23 hivi, na ilikuwa imerushwa Marekani kwa miaka kadhaa kabla ya kuletwa kwetu. Ilifika ikiwa imekwisha kujaribiwa. Kampuni za leo zinatafuta pwani za kujaribia, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Chukua Starship ya SpaceX, kampuni binafsi ya Marekani. Ni roketi yenye nguvu kuliko zote zilizowahi kuruka. Ina urefu wa zaidi ya mita 120, na sehemu yake ya chini ina injini 33. Iliporuka nzima kwa mara ya kwanza, tarehe 20 Aprili 2023 huko Boca Chica, Texas, moto wa injini ulichimbua saruji ya chini ya jukwaa na kurusha mapande yake huku na huku, na vumbi la mchanga likaangukia Port Isabel, mji ulio umbali wa kilomita kama kumi. Ilipopoteza mwelekeo na amri ya kuilipua ikatolewa, roketi iliendelea kubingirika hewani kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa kabla ya kupasuka. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ilidai marekebisho 63. Kampuni ikarekebisha, ikarusha tena Novemba mwaka huohuo, ikapoteza chombo tena. Ndiyo falsafa yao: rusha, ivunjike, jifunze, rusha nyingine. Na inazaa matunda. Tarehe 13 Oktoba 2024 mnara wa kurushia uliidaka sehemu ya chini ikishuka, jambo ambalo wahandisi wengi waliliona kama ndoto.

Kinachonikosesha usingizi ni tarehe 16 Januari 2025. Alfajiri ya siku ile Blue Origin, kampuni nyingine ya Marekani, ilirusha roketi yake New Glenn kwa mara ya kwanza kutoka Florida. Kampuni hiyo ilikaa miaka mingi ikijenga kimyakimya, na siku ya kwanza tu ikafika kwenye mzunguko wa dunia, ingawa sehemu ya chini ilipotea baharini. Jioni yake Starship ikaondoka kwa safari ya saba. Sehemu ya chini ikadakwa vizuri. Ya juu ikashika moto kwa ndani na kusambaratika karibu na visiwa vya Turks na Caicos, ambavyo ni himaya ya Uingereza, na vipande vikaonekana vikiwaka angani kama fataki. Mwenye SpaceX, Elon Musk, aliisambaza video na kuandika kwamba mafanikio hayana uhakika ila burudani ipo bila shaka.

Burudani kwa nani? FAA ilitangaza eneo la hatari ya mabaki, ndege zikaambiwa zizunguke zilipo au zigeuke, na baadhi ya marubani wakalalamika kwamba mafuta yanawapungukia. Hapo naomba unisikilize kama mtu wa kazi. Mwongoza ndege anaweza kumwambia rubani asubiri. Hana namna ya kumwongezea mafuta. Kisiwani gari moja lilipata uharibifu mdogo, na watu wakaamka wakaokota vigae vya kuzuia joto ufukweni. Hawakuwa wameombwa ruhusa na yeyote. Serikali ya Uingereza iliiandikia Marekani ikitaka usalama wa himaya zake uzingatiwe. Tarehe 6 Machi safari ya nane ikavunjika karibu na hatua ileile ya safari, na safari za ndege takriban 240 zikavurugika.

Baada ya hapo ndipo FAA ilipolipanua eneo la tahadhari la safari ya tisa, kutoka maili 885 za baharini hadi 1,600, na kutaka irushwe saa ambazo anga haina msongamano. Uamuzi mzuri, ila ulikuja nyuma ya ajali mbili. Isitoshe, sheria ya Marekani inaitaka FAA ihimize biashara ya roketi na papo hapo iidhibiti, yaani mchezaji awe pia refa. Na wao wana uzoefu wa miongo. Shirika lako lina miaka michache tu tangu liundwe mwaka 2017, na ndilo litakalomtafuta mwekezaji, limkaribishe, limpigie debe, kisha siku moja limwambie, "Leo hurushi." Nani atathubutu?

Sasa jambo ambalo sijalisikia likitajwa katika hotuba hata moja. Mkataba wa kimataifa wa 1972 kuhusu dhima ya vyombo vya anga za juu unasema nchi iliyorusha chombo inawajibika kikamilifu kwa madhara ya ardhini au kwa ndege iliyo hewani. Mdai halazimiki kuthibitisha uzembe. Na nchi iliyorusha si ile yenye kampuni peke yake. Nchi ambayo ardhi yake au kituo chake kimetumika nayo imo. Maana yake kampuni ya kigeni ikijaribu roketi Ngomeni, vipande vikaangukia meli ya samaki ya Shelisheli, Kenya inaweza kudaiwa pamoja na nchi ya kampuni hiyo, na mdai ana hiari ya kumfuata yeyote kati yao kwa fidia yote. Si nadharia hiyo. Satelaiti ya Kisovyeti Kosmos 954, iliyokuwa na kinu cha nyuklia, ilianguka Kanada mwaka 1978. Kanada ilidai dola zake takriban milioni sita, ikalipwa milioni tatu mwaka 1981. Fidia hiyo Wasovyeti waliimudu. Hazina yetu unaijua wewe kuliko mimi.

Tumeshaonja upande wa pili wa mkataba huo. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi, yenye kipenyo cha mita 2.5, ilianguka kijijini Mukuku, Makueni. Watu wako walifika haraka, wakalifunga eneo na kuwaeleza wananchi kwa utulivu kwamba ni kipande cha roketi. Pongezi za dhati. Lakini kwa mkataba ule madai huwasilishwa na serikali, mwananchi hana mlango wa moja kwa moja, na mwaka mmoja wa kudai huhesabiwa tangu madhara yatokee au tangu nchi husika itambulike. Basi matokeo ya uchunguzi yaandikwe kwa Kikamba na Kiswahili, yabandikwe Mukuku kwenyewe, si kwenye tovuti tu.

Ninachoomba kwa Ngomeni ni hiki. Msimamizi wa usalama awe chombo kisicho chini ya shirika lako, chenye uwezo wa kusimamisha urushaji bila kupigiwa simu na mtu. Kampuni iweke bima kabla ya kuleta hata boliti moja, na serikali yake itie saini kwamba itabeba dhima ikitokea bima haitoshi. Waongoza ndege wa Nairobi na Mombasa, pamoja na wenzao wa Mogadishu na Shelisheli, wapewe ramani za mabaki mapema na wawe na sauti, si kutumiwa notisi tu. Haya yanawezekana. Norway iliiruhusu kampuni ya Kijerumani, Isar Aerospace, ijaribu roketi yake kisiwani Andøya tarehe 30 Machi 2025. Ilianguka baharini baada ya nusu dakika, na hakuna aliyeumia, kwa sababu bahari ilikuwa imeshafungwa.

Na bahari kufungwa ndilo linalowahusu wavuvi. Ufukwe wa Boca Chica na barabara yake viliruhusiwa kufungwa hadi saa 500 kwa mwaka. Kisha tarehe 3 Mei 2025 wakazi wa eneo lile, wengi wao wafanyakazi wa kampuni yenyewe, walipiga kura likawa mji unaoitwa Starbase. Nakuachia utafakari jambo kama hilo katika kaunti ya Kilifi, ambako kesi za ardhi hazijawahi kulala. Mvuvi wa Ngomeni hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Siku asiyoingia baharini ni siku isiyo na ugali. Siku hizo zihesabiwe na zilipwe, na bei ikubaliwe kabla, si baada ya malalamiko.

Rasimu ya mkataba wowote isomwe barazani Ngomeni, kwa Kiswahili, mchana, kukiwa na mwanasheria asiyelipwa na kampuni wala na wizara. Nikialikwa nitakuja kwa nauli yangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwongoza ndege mstaafu, Kilifi