Rangi ya spirulina hutokana na malezi yake

Mhariri,

Wauzaji wa unga wa spirulina husifu rangi yake bila kueleza inavyopatikana. Kiumbe huyu wa maji ya magadi, bakteria wa kijani-buluu anayekaushwa na kuliwa kama lishe, ambaye pia ni chakula kikuu cha ndege aina ya heroe wadogo wa Ziwa Natron na Ziwa Bogoria, hutengeneza fikosianini, yaani protini yenye rangi ya buluu, kwa wingi zaidi pale mwanga unapokuwa hafifu na nitrojeni ikiwa ya kutosha. Nitrojeni ikiadimika, huivunja protini hiyo ili aendelee kuishi, na bwawa anamokuzwa hupoteza ubuluu wake na kuelekea manjano. Ukaushaji wa joto kali, kosa lisilosameheka kwa maoni yangu, huharibu hata kile kilichosalia. Wakulima watandaze nyavu za kivuli wakati wa jua la utosi, na wafungashaji waandike kiwango cha fikosianini kwenye kila pakiti.

Msomaji,
Arusha