Barua ya wazi kwa mdogo wangu: bakteria akishiba, hachelewi bure kujigawa

Mdogo wangu mpendwa,

Umeuliza kwa nini Bacillus subtilis wako, wa ukoo mmoja na joto lilelile la nyuzi 37, ni warefu kwenye mchuzi wa LB (chakula cha maabara chenye lishe tele) na wafupi kwenye chakula hafifu. Hadubini yako haina kosa. Schaechter, Maaløe na Kjeldgaard walilionyesha jambo hili Copenhagen mwaka 1958 kwa kutumia Salmonella: chakula kikiwa bora, seli hukua haraka na pia huwa kubwa. Walipobadili joto peke yake, kasi ilibadilika, ukubwa ukabaki karibu uleule.

Sasa, seli inajuaje kwamba imeshiba? Kwa Bacillus, jibu mojawapo lilitoka mwaka 2007 katika maabara ya Petra Levin, Marekani. Glukosi ikiingia hupachikwa fosfati. Kimeng'enya PgcA huihamisha fosfati hiyo kutoka kaboni ya 6 hadi ya 1, kisha kimeng'enya kingine, GtaB, hutengeneza UDP-glukosi, yaani glukosi iliyo tayari kutumiwa na seli. Hapo kimeng'enya cha tatu, UgtP, huichukua sukari na kuiweka kwenye mafuta ya utando, na hiyo ndiyo kazi yake ya kawaida. Lakini UDP-glukosi ikiwa tele, UgtP hufika pia katikati ya seli, ikaizuia protini ya FtsZ kujipanga kuwa pete ya kugawia. Pete ikichelewa, seli inazidi kurefuka. Njaa ikiingia, UgtP hupungua, na inayobaki hujishikiza yenyewe kwa yenyewe kwenye vidoa, mbali na pete.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ni huu: ukifuta pgcA, jeni inayotengeneza PgcA, seli za kwenye LB zinakuwa fupi ilhali kasi ya kukua haibadiliki. Kumbe ukubwa na kasi vinaweza kutenganishwa. E. coli, bakteria mwingine, nayo ina OpgH, protini isiyo na undugu na UgtP, inayofanya kazi hiyohiyo.

Ukirudia kipimo, usipime moja kwa moja seli zilizolala kwenye chupa usiku kucha. Zimeshakonda kwa njaa. Tia mikrolita 50 za mchuzi wa jana kwenye mililita 10 za LB mpya iliyopashwa moto tayari, ndani ya chupa ya mililita 100 ili hewa ipite, na uitikise. OD600 (kipimo cha ukungu wa mchuzi, kinachoonyesha wingi wa bakteria) ikifika 0.2, punguza tena hadi 0.01, kisha upime ikiwa kati ya 0.1 na 0.2. Usiivushe 0.3. LB ina sukari kidogo mno. Bakteria wanaishi kwa asidi amino, na zile tamu kwao zikiisha wanaanza kufupika huku OD ingali inapanda, nawe utadhani bado wanakua vizuri.

Halafu kuna minyororo. Bacillus waliokwisha kugawanyika hubaki wameshikamana, na kwa mwanga wa kawaida kuta zinazowatenga hazionekani vizuri, hivyo seli nne huhesabiwa kama moja. Paka rangi ya utando ya FM4-64, walaze kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1, na upime kutoka ukuta hadi ukuta, seli 200 au zaidi. Mutanti wa pgcA, yaani bakteria aliyefutwa jeni hiyo, mkuze kando siku hiyohiyo ili umlinganishe, kwa LB iliyomiminwa kutoka chupa ileile.