Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyungunyungu na Udongo Wetu

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Ya ofisi nitayapitia upesi. Ada zimekusanywa, kamati imekutana kama kawaida, na hesabu atazisoma mshika fedha. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo lililonikosesha raha mwaka mzima: nyungunyungu wanapotea mashambani mwetu.

Masika yaliyopita tulichimba mashimo katika mabonde yetu haya ya Wete, Pemba, sentimita 25 kwa 25, kina sentimita 30, tukauchambua udongo kwa mikono. Chini ya migomba isiyopigwa dawa walijaa. Kwenye matuta ya tungule (nyanya), hatua chache tu kutoka pale, tulichimba mara tatu tusimwone hata mmoja. Na udongo wenyewe mmeuona: mvua ikinyesha maji yanatuama, jua likiwaka unakuwa mgumu kama sakafu. Hakuna tena wa kuutoboa.

Nyungunyungu hana mapafu. Anapumua kwa ngozi yake yenye unyevu, na udongo anaumeza, basi sumu humwingia kotekote. Dawa za wadudu kama kabofurani humuua. Nyingine, hata zikiwa kidogo, humdumaza na kumpunguzia mayai. Kizazi kinakatika na sisi hatujaona mzoga. Mrututu, yaani dawa ya shaba tunayopulizia kuzuia ukungu, una hatari yake: shaba haiozi, ya msimu huu inakaa juu ya ile ya mwaka jana. Tena kuku wetu wanaoparua matutani huwala nyungunyungu waliokwisha kubeba sumu mwilini.

Nami nimo. Nilinunua dukani dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji, haina karatasi ya maelezo, nikaipima kwa kifuniko na kuimwaga mashinani. Tuta lile ndilo moja ya yale tuliyokuta matupu.

Kamati imekubaliana kwamba dawa isiyo na lebo isiingie shambani mwa mwanachama, bomba la kupulizia dawa lisioshwe tutani wala mtoni, na anayelazimika kupiga dawa apulizie majani yenye wadudu, asimwagie udongo. Makumbi ya nazi na majani makavu yarudishwe matutani, yasichomwe. Hicho ndicho chakula cha nyungunyungu.

Masika yajayo tutachimba tena mashimo pale pale. Tusichimbe kiangazi, maana wakati huo hushuka chini sana na tutadanganyika. Njooni asubuhi mapema, kila mtu na jembe lake. Tutaanza na shamba langu.