Kuzuia Shina la Mtikiti Maji Lisioze Wakati wa Mvua

Mvua ya masika inapokolea, wengi wanaoingia dukani mwetu ni wakulima wa matikiti maji kutoka Ahero, Kibos na pande za Nyando, na ombi lao huwa ni moja: wapewe dawa ya kuvu iliyo kali kuliko zote, kwa kuwa mitikiti iliyokuwa imetambaa vizuri juma lililopita imeanza kunyauka na shina linaoza karibu na ardhi. Dawa tunazo, na tunaziuza. Hata hivyo, kuna jambo ambalo ni vigumu kulieleza kaunta wakati foleni ni ndefu, nalo ni kwamba kuvu hawa hawana nguvu kubwa mahali pakavu. Mkulima anayetumia fedha zake kwanza kuhakikisha shingo ya mmea haikai majini atavuna zaidi ya yule anayeanzia kwenye chupa ya dawa.

Jambo hili linamhusu zaidi mkulima anayelenga matunda makubwa. Aina ya Sugar Baby ni tunda dogo linalowahi kukomaa, lakini anayepanda aina ya Charleston Gray huweza kuvuna tunda la kilo kumi au zaidi. Huko Marekani, ambako wapo watu wanaopanda matikiti kwa ajili ya mashindano ya uzito, tunda lililovunja rekodi mwaka wa 2013 katika jimbo la Tennessee lilikuwa na kilo 159. Ili tunda liwe kubwa, mkulima huondoa mengine na kuuachia mmea moja au mawili, kisha huyasubiri kwa muda mrefu. Maana yake ni kwamba mazao yote ya mmea huo yanategemea shina moja lisilozidi unene wa kidole, ambalo ni lazima libaki zima hadi siku ya mwisho. Shina likioza zikiwa zimebaki wiki mbili, tunda halina utamu na halina soko.

Si kila shina linalooza lina ugonjwa uleule, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Ugonjwa tunaouona sana ni ule unaofanya shina litoe utomvu. Huanza kwa doa linaloonekana kama limelowa maji, karibu na shingo au kwenye kifundo. Doa hilo hugeuka kuwa la kahawia, ganda hupasuka, na matone ya utomvu mwekundu unaoelekea rangi ya asali hutokea na kugandia hapo. Ukitazama kwa karibu kidonda kilichokaa siku kadhaa, utaona vidoa vyeusi vidogo sana vilivyotawanyika juu yake: hizo ndizo nyumba za mbegu za kuvu, na kila tone la mvua linaloangukia hapo huzirusha kwenye mmea wa jirani. Kuvu huyu hupenda majani yaliyolowa kwa saa nyingi na hali isiyo ya joto kali, hivyo mvua zetu za jioni, zinazoacha shamba limelowa hadi jua la asubuhi, humfaa sana.

Ukiona nyuzi nyeupe mfano wa pamba zimezunguka shina usawa wa ardhi, pamoja na vipunje vya kahawia vinavyolingana na punje za wimbi, huyo ni kuvu mwingine wa udongo, ambaye hustawi kukiwa na joto pamoja na unyevu. Shina lililogeuka jeusi na kulainika baada ya shamba kutuamisha maji linaashiria ugonjwa wa jamii ya Phytophthora au Pythium, vimelea vya udongo vinavyopenda maji. Nao mnyauko wa Fusarium, kuvu mwingine wa udongo, hujificha: mmea hulegea mchana na kuamka usiku kwa siku chache, kisha hufa, ukilikata shina karibu na mzizi kwa mshazari, utaona mishipa ya ndani imekuwa ya kahawia. Ugonjwa huu wa mwisho hauna dawa ya kupuliza itakayouponya, na yeyote anayekuuzia dawa hiyo anakuuzia maji ya rangi.

Udongo mweusi wa nyanda za Kano unahitaji maandalizi tofauti na ule mwepesi wa volkano ulioko sehemu nyingi za Nakuru. Ukinywa maji hufunga, na maji hukaa juu yake kwa siku nyingi. Katika udongo kama huo tunamshauri mteja asipande kwenye usawa wa shamba kamwe, bali ainue matuta ya takriban sentimita 30, yenye mgongo wa mviringo ili maji yateremke pande zote, na mche ukae juu kabisa ya mgongo huo. Mitaro kati ya matuta iwe na mteremko na iwe na mahali pa kutokea. Tumewahi kukagua mashamba yenye matuta mazuri ambayo mitaro yake ilikuwa imefungwa mwishoni, na mvua moja tu ilitosha kuyageuza kuwa kama majaruba ya mpunga. Mche wenyewe upandwe kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni.

Hapa tunaongeza onyo kuhusu palizi. Vibarua wengi wamezoea mahindi, na wanapopalilia huvuta udongo na kuupandishia kwenye shina. Hindi hushukuru, mtikiti huoza. Vivyo hivyo kwa matandazo: majani ya mpunga yanapatikana kwa wingi na ni mazuri sana, kwa sababu huzuia matone ya mvua yasirushe udongo wenye kuvu kwenye majani na matunda, lakini yakisukumwa hadi kwenye shina huweka unyevu palepale tunapotaka pakauke. Acha duara tupu la upana wa kiganja kuzunguka shina. Wanaotumia mipira ya matone nao wahakikishe tundu la maji liko mbali kidogo na shingo ya mmea. Na mbolea ya CAN isizidishwe, kwa kuwa hukuza majani, na majani yaliyofungamana sana huzuia upepo kupita.

Tukija kwenye dawa, mankozebu na zile za kopa (shaba) ni za kinga: hufanya kazi zikiwa zimekaa juu ya mmea kabla kuvu hajaingia, kwa hiyo kuzipuliza baada ya shina kuoza ni kuchelewa. Metalaksili husaidia dhidi ya Phytophthora na Pythium, lakini haina msaada kwa ugonjwa wa utomvu. Kwa huo tunapendekeza dawa za kundi la difenokonazoli au tebukonazoli, zikipokezanwa na mankozebu. Azoksistrobini ikitumiwa peke yake mara kwa mara huzalisha kuvu sugu, jambo ambalo limeshuhudiwa katika nchi kadhaa. Elekeza bomba shingoni mwa mmea na chini ya majani, si juu tu, na upulize wakati dawa itapata nafasi ya kukauka kabla ya mvua. Lebo iwe na nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosimamia dawa za kilimo, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zizingatiwe, hasa kwa tunda linaloliwa bichi.

Kidonda kidogo kinachokutwa mapema huweza kutibiwa. Siku ya jua, kwangua sehemu iliyooza kwa kisu kilichosafishwa kwa jiki iliyochanganywa na maji, ukifika kwenye nyama ngumu ya kijani uache, kisha upake unga wa dawa ya kopa na upafunue ili upepo upite. Mbinu hii inafaa kwa mimea michache yenye matunda makubwa. Kwa ekari nzima haiwezekani. Mmea uliozungukwa na kidonda pande zote ung'olewe na kuchomwa, usiachwe kando ya shamba.

Kwa kuwa kuvu wa utomvu husafiri ndani ya mbegu na hubaki kwenye masalia, nunua mbegu zenye stika ya KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, wala usirudie matikiti, maboga au matango mahali pamoja kabla ya miaka miwili au mitatu kupita. Kwa mashamba yenye Fusarium, kitalu chetu huandaa, kwa oda, miche ya tikiti iliyopandikizwa juu ya mizizi ya mmea wa kibuyu au boga, ambayo huustahimili ugonjwa huo.

Wanaotaka tuwatambulie ugonjwa kabla ya kununua dawa, huduma hiyo hatuitozi. Tunaomba mmea mzima pamoja na mizizi na udongo wake, uliochimbwa asubuhi hiyohiyo ukiwa umeanza kuugua lakini haujafa, na uliofungwa kwa gazeti. Ukifungwa kwa nailoni huoza njiani, na tukiufungua hatuwezi tena kutofautisha ugonjwa wa shambani na uozo wa safari.