Risala ya Klabu ya Ustawi wa Wanyama kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Matibabu ya Punda na Paka, Lamu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, maafisa wa mifugo wa kaunti, wazee wa mtaa, wazazi, wenye punda na vijana wanaowaendesha, wanafunzi wenzetu: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wasio Waislamu, hamjambo.

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wa watoto wa shule. Ulipoingia uliwaona punda waliofungwa chini ya mwarobaini, na paka walioletwa ndani ya vikapu na maboksi. Tangu asubuhi daktari wa mifugo na wasaidizi wake wanasafisha vidonda, wanachonga kwato, wanatoa dawa za minyoo na kuchanja. Hakuna aliyelipa senti, na hakuna aliyeulizwa kwa nini mnyama wake amefikia hali hiyo. Hilo la pili tulilitaka kwa makusudi, na ndilo tungependa kukueleza zaidi leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Lamu imetangulia katika jambo hili. Shirika la The Donkey Sanctuary lilianzishwa mwaka 1969 huko Devon, Uingereza, na Bi. Elisabeth Svendsen. Baada ya kuona hali ya punda wa kisiwa chetu, shirika lake lilifungua hapa hospitali ya punda mwaka 1987, ukingoni mwa bahari. Babu zetu wanatusimulia kwamba mwanzoni watu walishangaa: daktari wa punda, na tena bure? Wengine walihofu kwamba mnyama akiingia mle ndani hatatoka, au mwenyewe atashtakiwa. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama ipo nchini Kenya, ni Sura ya 360, na mwenye punda mwenye kidonda alikuwa na sababu ya kuwaogopa watu wanaokagua hali ya wanyama. Lakini punda waliingia na donda wakatoka na dawa, na wenyewe wakarudi nyumbani na shauri la jinsi ya kumfunga na kumpakia. Hofu ikaisha.

Yakaja pia mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri. Hapa Lamu tunayajua mashindano ya mbio, yale ya wakati wa Maulidi yanayojaza watu pwani nzima. Haya mengine hayatafuti punda mwenye kasi. Majaji humtazama punda mgongo, macho, kwato na manyoya, na mwenye punda aliye safi na mnene hupewa zawadi mbele ya wenzake. Klabu yetu inaamini kwamba zawadi zile zimeponya migongo mingi kuliko vitisho. Kijana anayesifiwa hadharani kwa sababu ya punda wake hatakubali tena kuonekana na punda mwenye donda, na jirani yake naye atataka kusifiwa.

Tunasema hivyo kwa sababu tunawajua wanaoendesha punda. Ni kaka zetu na baba zetu. Katika mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari, punda ndiye aliyejenga nyumba zetu: mchanga, mawe, boriti na saruji vyote vimepanda migongoni mwao kutoka pwani hadi ndani ya mitaa, na taka za nyumba zikashuka kwa njia ile ile. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Punda wetu ni wadogo, lakini si ajabu kumwona mmoja amebeba miwili. Mara nyingi anayempakia si mwenyewe. Ni kibarua anayelipwa kwa mzigo, na jioni lazima ampelekee mwenye punda fungu lake kisha abaki na la kununua unga. Ukimwambia apunguze mzigo nusu, umemwambia apunguze chakula cha watoto wake nusu. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba anayetaka kumsaidia mnyama wa Lamu aanze kwa kumsikiliza mtu anayeshika kamba yake.

Kuna mambo ambayo hayapunguzi mapato hata kidogo, na hayo ndiyo klabu imeyashughulikia. Kamba ya nailoni hukata ngozi, kwa hiyo tunakusanya magunia na nguo kuukuu, akina mama wanatufundisha kushona, na tunatengeneza matandiko ya kuweka chini ya sogi, kile kikapu kikubwa cha kubebea mizigo mgongoni mwa punda. Kijana akija na punda mwenye mkwaruzo mgongoni tunampa tandiko, tunamwonyesha jinsi ya kusawazisha mzigo usielemee upande mmoja. Tunawaeleza wenzetu pia kwamba punda ni mnyama anayeficha maumivu. Mbuzi akiumwa utamsikia. Punda atasimama kimya, masikio chini, na watu watasema amepumzika. Akiacha kula, hapo hali imeshakuwa mbaya na daktari aitwe siku hiyo hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo linalotuuma zaidi ni plastiki. Punda akishatua mzigo wa mwisho hufunguliwa ajitafutie chakula, na malisho ndani ya mji hakuna. Huenda jaani. Huko hula maganda ya maembe na mabaki ya wali, na pamoja nayo humeza mifuko, nyuzi za magunia na vipande vya nguo. Vitu hivyo haviyeyuki tumboni. Hujikusanya, hushikana, vikawa donge gumu linaloziba utumbo. Punda huanza kujilaza na kuinuka, hulitazama tumbo lake, hujigaragaza, na mara nyingi daktari anapofika huwa hana la kufanya. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na tunashukuru, lakini plastiki za namna nyingine bado zimejaa, na nyingine zinaletwa na bahari. Mji wetu umeshaonyesha kwamba taka hizi zina kazi nyingine. Jahazi la Flipflopi lilijengwa hapa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake kwa plastiki iliyookotwa, likashushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Sisi wanafunzi tunaokota plastiki karibu na jaa kila Jumamosi tunapoweza. Lakini jaa lisilo na ua halina mwisho wa kuokotwa.

Lipo pia tatizo la ngozi. Sisi wa visiwani tulilisikia kwa mbali, ndugu zetu wa bara wakalipata usoni. Kuanzia mwaka 2016 vilifunguliwa nchini viwanda vya kuchinja punda ili ngozi zipelekwe China kutengenezea dawa iitwayo ejiao. Bei ikapanda, wezi wakaingia mabomani usiku, na wanawake waliokuwa wakiteka maji kwa punda wakaamka hawana kitu. Punda huzaa mtoto mmoja, tena baada ya mimba ya takribani mwaka mzima, kwa hiyo wakichinjwa kwa kasi ile hawawezi kurudi haraka. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaitengua amri hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kuusimamisha barani kote. Tunaomba makubaliano hayo yawe na nguvu huku chini. Kwa mwenye punda, mnyama wake kuibwa ni msiba.

Kuhusu paka tutasema machache, ingawa wao ndio wengi zaidi leo. Paka wa Lamu ni wa mtaa mzima. Analishwa vichwa vya samaki na huyu, maziwa na yule, lakini akiumwa hana mwenyewe. Daktari anawahasi madume, anawafunga kizazi majike na kuwachanja kichaa, na watoto wa shule ndio wanaowakamata na kuwarudisha pale pale walipotolewa. Wazee wetu wametusaidia sana kuwaeleza watu kwamba kumhurumia paka ni sehemu ya dini yetu. Mbwa ni wachache mjini, lakini visiwani na bara ya kaunti wapo, na kichaa cha mbwa hakina dawa dalili zikishaonekana. Dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa ukomo wa watu kufa kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Tungependa Lamu isiwe ya mwisho.

Sasa tunaleta maombi yetu, Mheshimiwa, na kubwa kuliko yote ni maji na kivuli pale mizigo inaposhushwa pwani. Punda husimama juani tangu asubuhi wakisubiri majahazi, na maji yaliyo mbele yao ni ya chumvi. Birika moja la saruji, mfereji mmoja, paa la makuti na mtu wa kuliosha birika: gharama yake ni ndogo, na faida ingeonekana wiki ile ile. Vijana wanaosubiri kazi nao wangekaa kivulini. Klabu iko tayari kuchukua zamu ya usafi, na wenye punda tuliozungumza nao wamekubali kuchangia makuti.

Tunaomba pia jaa lizungushiwe ua, na bajeti ya mifugo ya kaunti iwe na fungu la dawa za punda na paka, maana mashirika ya hisani yamebeba mzigo huu kwa muda mrefu na hatuwezi kuwategemea wafadhili milele. Na siku kama hii ifike Shela, Matondoni na Kipungani, ambako mtu hulazimika kupoteza siku nzima ya kazi ili amlete mnyama mjini.

Tunamshukuru mwalimu mlezi wetu, daktari na wasaidizi wake, akina mama waliotushonea matandiko, na kila mwenye punda aliyefunga kazi leo akaja. Tunajua mlichokiacha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakukaribisha uzungumze nasi, kisha utukabidhie zawadi kwa wenye punda watano walioteuliwa na daktari. Wanakusubiri pale chini ya mwarobaini, na punda wao wameshaogeshwa.

Naomba kuwasilisha.

Risala imesomwa na katibu wa klabu kwa niaba ya wanachama wote.